Nani alikaa golini siku ya mabao 18?

Ukitaka kuharibu mlo wa Jumapili katika nyumba yoyote hapa Moshi, uliza swali moja tu: nani mchezaji bora wa wakati wote? Mtori utapoa kwenye bakuli. Mmoja atamtaja wa Simba, mwingine wa Yanga, na mjomba ambaye hakuulizwa kitu ataanza na lile neno lake, "Nyie wachezaji hamkuwaona."

Kwetu swali hilo lililetwa na binti yangu wa kidato cha pili, na wala halikuhusu mpira wa miguu. Yeye anacheza mpira wa magongo shuleni. Mwalimu wao wa michezo alimwambia kila mchezaji aende na orodha ya wachezaji bora katika historia ya timu ya taifa ya mchezo huo, na aeleze kwa nini amewachagua. Orodha zingesomwa mbele ya wenzao na kujadiliwa.

"Baba, nianze na nani?"

Nikababaika. Angeniuliza kuhusu Taifa Stars, ningeanza na Mbwana Samatta bila hata kumeza mate. Lakini mpira wa magongo mimi niliujua kwa kuchungulia. Nilipokuwa mdogo tulisimama nje ya ua kuwatazama Singasinga wa hapa mjini wakikimbiza kijipira kigumu kwa magongo yaliyopinda mwishoni. Tulichokifahamu ni kwamba kikikupiga kwenye ugoko, usiku huo hulali.

Siku hiyo tulikuwa tumepanda Kibosho kwa mama yangu, kama tufanyavyo Jumapili tukijaliwa. Mama alikuwa barazani na shuka lake miguuni. Mdogo wangu, ambaye ndiye kitinda mimba wetu na ndiye anayeishi naye, alikuwa akishusha mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Wanangu humwita baba mdogo. Sisi wengine tulikuwa tumekaa.

Nilimwambia binti yangu jambo moja nililokuwa na uhakika nalo: Tanzania imewahi kucheza mpira wa magongo kwenye Michezo ya Olimpiki. Kaka yake, ambaye amemaliza kidato cha sita na anajua kila kitu, akacheka. Nikamwambia atafute kwenye simu yake. Akatafuta, na kicheko chake kikahamia kwenye matokeo.

Ilikuwa Moscow, mwaka 1980. Marekani na nchi nyingi zilisusia michezo ile kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Pakistan haikwenda, Ujerumani Magharibi haikwenda, na jirani zetu Kenya, ambao kwa mchezo huu walikuwa mbali sana kutuzidi, nao hawakwenda. Nafasi zikabaki wazi, na Tanzania ikawa miongoni mwa timu sita za wanaume. Vijana wetu 16 wakapanda ndege.

Mechi ya kwanza walipangwa na India, nchi ambayo mpira wa magongo kwao ni kama mbio kwa Wakenya. India ikashinda 18-0. Mechi wakati ule ilikuwa ya dakika 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: bao moja kila baada ya dakika nne hivi. Hispania wakatufunga 12-0. Wasovieti 11-2. Poland 9-1. Cuba 4-0. Mechi tano, tumefungwa mabao 54, tumefunga 3.

"Sasa hapo mchezaji bora utamtoa wapi?" kijana wangu akauliza. "Labda uchague aliyekuwa mgonjwa siku hiyo."

Tukacheka wote. Nakiri hata mimi nilicheka.

Binti yangu hakucheka. Alikuwa anasoma majina. Gracias, Mendes, Virdee, Manji, Sykes, Toto. "Baba, hawa wamechanganyika kweli," akasema. Na ni kweli. Ukiyasoma majina yale unamwona Mgoa, unamwona Singasinga, unamwona Mwislamu na Mkristo, Mhindi na Mwafrika, wote wamevaa jezi moja. Mchezo ambao ulikuwa ukichezwa zaidi kwenye klabu za jamii moja moja ulikuwa umetoa timu yenye sura ya nchi.

Kuna jingine linalopaswa kusemwa kwa haki yao. Kule Moscow walicheza kwenye zulia la plastiki. Kwenye zulia kijipira hakirukiruki wala hakipunguzi mwendo, kinateleza kama kimepakwa mafuta. Mtu aliyezoea viwanja vyetu vya nyasi na vumbi anapokifikia mahali alipokitarajia, kimeshapita. Na mchezo huu hauna huruma kwa aliye nyuma. Bao halihesabiwi mpaka mpira upigwe kutoka ndani ya lile duara lililo mbele ya goli, maana yake anayekufunga anapiga akiwa karibu nawe, kwa gongo, na kijipira kina uzito wa gramu 160 hivi.

Ndipo baba mdogo, ambaye tulidhani hasikilizi, akapangusa mikono akauliza, "Siku ya mabao 18 nani alikaa golini?"

Hakuna aliyejibu.

"Na siku iliyofuata goli lilikaa wazi?"

"Hapana, baba mdogo," binti yangu akasema. "Walicheza mechi zote."

"Basi anza na huyo," akasema, akaenda kumpa ng'ombe majani.

Tukaendelea kutazama. Baada ya zile mechi tano walirudishwa uwanjani mara ya sita, kugombea nafasi ya tano na Cuba walewale waliotufunga 4-0. Tukafungwa tena, 4-1. Tukawa wa sita kati ya sita. Mtu mwenye haraka ataona kipigo kingine. Lakini mtu aliyewahi kupoteza mara tano mfululizo mbele za watu, kisha akaamka asubuhi akafunga kamba za viatu na kwenda kupata bao moja mbele ya aliyemshinda, anajua kwamba lile bao moja lilikuwa zito.

Mwaka uleule na mji uleule, Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na Filbert Bayi medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi. Medali hizo mbili tumezikumbuka, na tunapaswa kuzikumbuka, kwa sababu hadi leo hatujaongeza nyingine ya Olimpiki. Ila ni vizuri kujua kwamba walipokuwa wakikimbia, kulikuwa na Watanzania wengine 16 kwenye mji huohuo, na kumbukumbu yetu haikuwa na nafasi yao.

Kijana wangu hakukubali kushindwa. Akasema uchaguzi wa bora lazima uwe na kipimo, na kipimo ni mabao na vikombe, vinginevyo kila mtu atakuwa bora. Hoja hiyo si ya kudharau. Kwa hiyo tukavuka mpaka, tukaenda kwa Wakenya ambao timu yao ilikuwa na vya kupimwa.

Kenya ilikuwa ya sita kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971 ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mchezo huu, kule Barcelona. Kikosi hicho kilikuwa na mafundi wengi. Ukiwauliza wanaoufuatilia mchezo huu nani aliyekuwa mkubwa wao, jina linalokuja mapema ni Avtar Singh Sohal. Alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, na tatu kati ya hizo alikuwa nahodha.

"Alikuwa mshambuliaji?" kijana wangu akauliza.

Alikuwa beki. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Hata kwa Wakenya, wenye mabao ya kuhesabu, jina linaloanza ni la mtu aliyesimama nyuma kwa miaka 12 ili walio mbele wafunge.

Na kwa kuwa binti yangu aliuliza kuhusu wanawake, nikamwonyesha Zimbabwe. Olimpiki ya 1980 ndiyo ya kwanza iliyokuwa na mpira wa magongo wa wanawake. Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru mwezi Aprili tu. Timu yake ikakusanywa katika wiki chache kujaza nafasi za waliosusia, ikaenda Moscow, ikarudi na dhahabu. Mlango uliofunguliwa ni uleule uliofunguliwa kwetu. Wao waliingia wakatoka na dhahabu, sisi tukatoka na mabao 54. Binti yangu akaniuliza kama waliofungwa walikuwa na ujasiri mdogo kuliko walioshinda. Nikamwambia hilo ajibu mwenyewe kwenye orodha yake.

Sasa, mpenzi msomaji, naomba nikueleze kwa nini swali la baba mdogo halikuniacha nilale.

Wachaga mnatujua. Desemba ikifika barabara yote ya kutoka Dar inaelekea mlimani. Desemba iliyopita ukoo wetu ulikutana pale pale kwa mama. Mimi ndiye niliyetoa wazo kwamba tuwe na tuzo. Nikanunua vikombe mjini, nikachapisha vyeti, tukateua kamati ya watu watatu ya kuchagua "waliofanya vizuri". Kamati ikachagua kwa kipimo cha mwanangu: mabao. Tukampa kikombe binamu aliyepata shahada ya pili. Tukampa dada aliyejenga nyumba Goba. Tukampa kijana aliyenunua gari kabla hajafika miaka 30. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina, kwa kipaza sauti cha kukodi.

Mdogo wangu siku hiyo aliamka saa kumi alfajiri. Ndiye aliyechoma ndafu. Ndiye aliyeazima viti kwa majirani na kuvirudisha. Ndiye aliyembeba mama kumtoa ndani ili aone wajukuu wakipewa vikombe. Mama haendi msalani peke yake tangu mwaka juzi, na sisi saba tuliozaliwa kabla ya mdogo wangu tunalijua hilo kwa simu. Yeye analijua saa nane za usiku. Jina lake sikulisoma, kwa sababu halikuwa kwenye karatasi. Na halikuwa kwenye karatasi kwa sababu hakuna aliyelifikiria. Mama aliniangalia nilipokunja ile karatasi, hakusema kitu.

Kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki kihambani na wazazi, na nyumba huwa yake. Kwa hiyo wengi wetu tunadhani ameshalipwa. Tunasahau kwamba aliyekaa golini haendi popote mpira ukiwa upande wa pili. Anasubiri tu. Zikipita dakika 60 salama hakuna anayemwimba, likipita bao moja wote tunageuka kumtazama yeye. Mama alipoanguka bafuni mwaka jana, simu ya kwanza niliyompigia mdogo wangu ilianza na neno "Ulikuwa wapi?" Naliandika hapa kwa aibu.

Wiki hii nilipanda Kibosho peke yangu, siku ya kazi. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mwaka huu kikombe kikubwa ni chake. Akacheka mpaka akaegemea mgomba.

"Kaka, kikombe nitakiweka wapi? Nileteeni mtu wa kukaa na mama wiki mbili, nikamwone mwanangu Arusha. Tangu ajifungue sijamshika mjukuu wangu."

Hilo ndilo jibu, na sikuwa nimelifikiria. Nimewapigia ndugu zangu wote sita. Wawili wamekubali palepale, mmoja amesema atatuma pesa, wengine bado "wanaangalia ratiba". Zamu ya kwanza ni yangu, na naandika makala haya nikiwa kitandani kwa mdogo wangu, mlango ukiwa wazi ili nimsikie mama. Usiku wa jana ameniita mara nne. Mara ya nne aliita jina la mdogo wangu.

Wewe msomaji, kabla ya Desemba, chukua karatasi uandike kikosi cha nyumbani kwenu. Usianze na walio mbele. Anza na swali la aliyekaa golini, na ukishampata, muulize anahitaji nini kabla hujamnunulia kikombe.

Binti yangu alisoma orodha yake Jumatano. Nafasi ya kwanza aliwaweka walinda mlango wa Moscow, na sababu aliyoandika ilikuwa mstari mmoja: walirudi golini siku ya pili. Anasema wenzake walibishana sana, na kura nyingi zilikwenda kwingine. Ila kipa wao, msichana ambaye huwa haongei, aliomba ile karatasi akaenda nayo bwenini.