Ndege ya Jeti ya Kunyunyizia Dawa

Ndugu msomaji, bomba la mgongoni unalijua. Linabeba lita 15 hivi, na mabega yanauma. Leo nakueleza habari za bomba lililobeba lita 2,900. Hayo ni madebe 145 ya lita 20! Lakini bomba hilo lilikuwa ndege.

Wakulima wa Umoja wa Kisovieti walikuwa na mashamba makubwa sana ya ushirika na ya serikali. Walinyunyiza dawa kwa ndege iitwayo An-2. Ndege hiyo ina injini ya petroli na panga mbele. Wakubwa wa huko wakataka ndege mpya yenye injini ya jeti. Kazi wakapewa mafundi wa mji wa Mielec, nchini Poland.

Jeti ni nini? Watoto hupuliza puto, kisha huliachia. Hewa hutoka nyuma, puto hukimbia mbele. Injini ya jeti huvuta hewa, huigandamiza na kuichoma pamoja na mafuta. Moshi wa moto hutoka nyuma kwa nguvu, ndege ikaenda mbele.

Mafundi walitaka kuijaribu injini kwanza. Walichukua An-2 moja, wakakata sehemu yake ya nyuma na kuweka injini ya jeti. Je, mkia ungeshikwa na nini? Waliunda mikono miwili mirefu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Moshi wa moto ukapita katikati. Ndege hiyo iliruka mwaka 1972. Iliitwa Lala-1, kifupi cha maneno ya Kipoland yenye maana ya maabara inayoruka. Kwetu lala ni usingizi, lakini sidhani kama jirani yake yeyote alilala.

Mwaka 1973 iliruka ndege yenyewe, M-15. Nayo ilikuwa na mikono miwili ya mkia. Kila upande ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Matangi mawili makubwa ya dawa yalisimama kati ya mabawa kama nguzo za nyumba. Kelele zake zilikuwa nyingi, watu wakaipa jina la shetani wa hadithi za kale, Belphegor.

Sasa tufike kwenye gharama. Mimi bwana shamba huuliza hilo mapema. Jeti hufaa kuruka juu sana na kwa kasi kubwa. Ndege ya dawa huruka chini, karibu na mimea, tena polepole. Belphegor ilikwenda kilomita 200 tu kwa saa, huku injini ikinywa mafuta mengi. Gharama ya kunyunyiza ikawa kubwa kuliko ya An-2, ndege ya zamani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947.

Zilitengenezwa Belphegor 175 hivi, na mwaka 1981 kazi ikasimamishwa. Ukienda Kraków, Poland, utaiona moja ndani ya makumbusho. An-2 bado zinaruka.