Mafuta Yaokolewe Barabarani, Yafike Visiwani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta. Mkazi wa Mwanza hulipa zaidi ya mwenzake wa Dar es Salaam, kwani lita itokayo huko husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kumiminwa katika tangi lake. Lakini safari ya lita hiyo haiishii Mwanza. Kwa wananchi wa visiwa vya mbali visivyo na kituo cha mafuta, petroli hupakiwa tena ndani ya madumu, huvuka maji, na huuzwa kwa bei ambayo haimo katika tangazo lolote.

Kwa sababu hiyo, uchomaji ovyo wa mafuta barabarani si siri ya mwenye gari na mfuko wake. Ni jambo linalotuhusu sote, hasa pale ambapo mafuta yenyewe yamenunuliwa kwa fedha ya umma.

Magari makubwa ambayo wananchi wameyapa jina la mashangingi yana uzito wa zaidi ya tani mbili. Hatusemi kwamba hayana kazi. Afisa anayekwenda vijijini wakati wa masika anayahitaji. Tunachohoji ni gari la aina hiyo kumchukua mtu mmoja kwenda mkutanoni katikati ya mji, kisha kungoja saa nzima huku injini ikiunguruma ili kiyoyozi kisizimwe. Saa hiyo moja huteketeza lita nzima au zaidi, na gari halijasogea hata hatua moja.

Familia nazo, ambazo siku hizi hununua magari ya namna hii yaliyokwisha kutumika Japani, zina la kujifunza. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huifanya injini ivute mzigo usioonekana. Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi. Keria tupu juu ya paa hupambana na upepo bure. Mwendo ndio mlafi mkuu, kwani ukinzani wa hewa huongezeka mara nne pale mwendo unapoongezeka mara mbili. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa kuelekea Musoma atafika nyuma kidogo ya yule wa kilomita 110, lakini atafika na mafuta zaidi.

Tupige hesabu. Gari linalotumia lita 15 kwa kilomita 100, likienda kilomita 20,000 kwa mwaka, hunywa lita 3,000. Likiokoa sehemu moja tu ya kumi, zinabaki lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Je, madumu 15 ni kitu gani kisiwani? Ni safari nyingi za boti yenye injini ya kupachika, ikimpeleka mama mjamzito hospitali ya Nansio. Bandu bandu huisha gogo.

Wazee wetu wanakumbuka miaka iliyofuata kupanda kwa bei za mafuta duniani mwaka 1973, na ile ya baada ya vita vya Kagera, wakati magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri. Hatuombi amri ile irudi. Tunaomba ile nidhamu irudi kwa hiari kabla shida haijairudisha kwa nguvu.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limeondoa foleni ya kivuko mahali pale. Lakini kati ya Kisorya na Rugezi, na kati ya Bugolora na Ukara, wananchi bado wanangoja kivuko. Hapo ndipo pa kuanzia: gari la serikali likifika kivukoni, lizimwe.

Tunawashauri wakuu wa idara waangalie kila mwezi daftari la safari la kila gari, walinganishe lita na kilomita, na matokeo yabandikwe ubaoni. Maafisa wanaokwenda njia moja wapande gari moja. Mafuta yatakayookolewa yapangiwe boti za wagonjwa visiwani.

Liko pia suala la haki. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Mvuvi anaponunua petroli kituoni hulipa tozo hiyo, ingawa njia yake ni maji na hakuna lami itakayotandazwa juu ya ziwa. Wahusika walitazame jambo hili.

Mwananchi wa kisiwani amekwisha kuchangia barabara ambayo haipiti. Kiongozi anayeitumia barabara hiyo hana budi kumheshimu kwa kuyatumia mafuta kwa uangalifu.