Methadone, soba au hospitali? Jinsi ya kupata na kulinganisha huduma za uraibu karibu yako

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilitangaza kukamata kilo 3,182 za dawa za kulevya katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Vyombo vya habari viliandika sana juu ya ukubwa wa shehena hiyo. Lakini kwa mama au mlezi ambaye kijana wake anatumia dawa, kuna jambo jingine la kuzingatia: sehemu kubwa ya shehena haikuwa heroini, ilikuwa methamfetamini.

Kwa nini hilo likuhusu? Kwa sababu familia nyingi zinapotafuta msaada husikia majibu mawili tu: "mpeleke methadone" au "mpeleke soba". Majibu hayo yalizaliwa wakati tatizo kubwa mitaani lilikuwa unga, yaani heroini. Methadone hutibu uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Haitibu uraibu wa methamfetamini, bangi wala pombe. Soko la dawa linapobadilika, na swali la mzazi linapaswa kubadilika. Kabla ya kuuliza "kituo kipi ni kizuri?", uliza kwanza "mwanangu anatumia nini?"

Ukikosea hapo, unaweza kuuza kiwanja au kukopa kikoba kulipia huduma isiyomfaa. Na kijana aliyekubali kwenda mara moja akarudi bila nafuu, huwa vigumu kumshawishi tena.

Anatumia nini?

Muulize wakati ametulia, si wakati wa ugomvi. Mwambie unataka kujua ili umsaidie, si ili umshitaki. Akikataa kusema, hospitali inaweza kumpima mkojo kwa ridhaa yake. Kumbuka kwamba wengi huchanganya dawa, kwa hiyo uliza zote.

- Heroini (unga). Akikosa dawa hupata arosto: maumivu ya viungo, kuharisha, kutapika, kutokwa na makamasi, kukosa usingizi. Arosto huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hukaza siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Hali hii inatesa, ila ina dawa.
- Pombe, ikiwemo gongo. Mtu anayekunywa sana kila siku akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa vibaya ndani ya siku tatu za kwanza, na hata kufa. Usimfungie ndani "ili pombe imtoke". Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.
- Vidonge vya usingizi na vya kutuliza, kama diazepam. Navyo haviachwi ghafla. Dozi hupunguzwa taratibu na mtaalamu.
- Methamfetamini, kokeini na mirungi. Hakuna dawa mbadala kama methadone. Msaada mkubwa ni unasihi wa mara kwa mara, na matibabu ya afya ya akili ikiwa anasikia sauti, ana hofu nyingi au anawaza kujiua.
- Bangi na skanka. Wengi husaidiwa kwa unasihi bila kulazwa. Anayeonyesha dalili za kuchanganyikiwa apelekwe kwanza hospitali.

Huduma zilizopo na kazi ya kila moja

*Kliniki za methadone.* Ya kwanza ya serikali ilianza Muhimbili Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Zanzibar ilianza 2015 pale Kidongo Chekundu. Baadaye huduma ilifika mikoa mingine, ikiwemo Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga, pamoja na Bagamoyo. Dawa hutolewa bure. Kwa kawaida mteja huenda kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, hasa miezi ya mwanzo. Kliniki hizi pia hupima na kutibu magonjwa kama VVU na kifua kikuu.

*Nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba.* Mtu huishi humo kwa miezi kadhaa bila kutumia dawa, akifuata ratiba ya kazi, mikutano na unasihi. Nyingi huendeshwa na asasi au watu waliowahi kuwa waraibu, na familia hulipa ada ya kila mwezi.

*Idara za afya ya akili.* Zipo katika hospitali za rufaa za mikoa na kanda, Muhimbili, na Mirembe kule Dodoma. Hapa ndipo pa kuanzia kwa pombe, vidonge, na mtu mwenye dalili za ugonjwa wa akili.

*Asasi za kijamii.* Wafanyakazi wao hutembelea maskani, hutoa unasihi na mara nyingi ndio wanaomwandaa mteja na kumpeleka kliniki.

"Methadone ni kubadilisha dawa kwa dawa tu"

Maneno haya utayasikia msibani, kanisani, msikitini na hata kwa baadhi ya wenye soba. Yapimwe kwa faida na hasara zake.

Ni kweli kwamba methadone ni ya jamii moja na heroini, na mtu anaweza kuihitaji kwa miaka. Lakini haimpi mtumiaji ule ulevi wa kupanda na kushuka. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, arosto hutulia, na mtu anaweza kufanya kazi na kulea watoto wake. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, na tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba walio kwenye methadone hufa kidogo kuliko walioiacha.

Soba nayo ina nguvu yake. Humtoa kijana maskani, humpa ratiba, na humkutanisha na watu waliopitia njia ileile. Kwa pombe na methamfetamini inaweza kufaa sana, baada ya hospitali kumpokea kwanza pale inapohitajika.

Hatari kubwa iko kwa mtumiaji wa heroini anayetoka soba. Baada ya miezi bila dawa, mwili wake haustahimili tena dozi aliyoizoea. Akirudia siku moja kwa kiasi kilekile cha zamani, anaweza kuacha kupumua. Wazazi wengi hudhani siku ya kutoka ndiyo siku ya ushindi, kumbe ndiyo siku ya kuwa macho zaidi. Kwa hiyo, kama mwanao anatumia unga, usiipime soba kwa idadi ya miezi tu. Ipime kwa mpango wake wa siku ya kutoka.

Jinsi ya kutafuta karibu yako

1. Piga simu 119, namba ya bure ya DCEA. Eleza mkoa, wilaya na dawa anayotumia, kisha uliza huduma iliyo karibu na nyumba zinazotambuliwa na Mamlaka. Kama uko Kenya, piga 1192 ya NACADA.
2. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza idara ya afya ya akili. Kama hawana huduma unayohitaji, omba rufaa kwa maandishi.
3. Muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wanazifahamu asasi za eneo lenu.
4. Andika majina ya vituo viwili au vitatu. Usiishie kwenye cha kwanza kwa sababu tu jirani amekisifia. Huenda mtoto wa jirani alikuwa anatumia kitu kingine.

Maswali ya kuuliza kila kituo

Tembelea mwenyewe kabla ya kumpeleka. Uliza maswali yaleyale kila mahali na uandike majibu, ndipo utakapoweza kulinganisha.

- Mmesajiliwa wapi? Naomba kuona cheti.
- Nani anamwona mgonjwa siku ya kwanza? Kuna daktari au muuguzi, na anakuja mara ngapi?
- Akizidiwa usiku mnampeleka hospitali gani, na kwa usafiri gani?
- Arosto mnaitibu vipi?
- Ada ni kiasi gani kwa mwezi, na imejumuisha nini? Chakula, vipimo, dawa, sabuni? Akiondoka mapema tunarudishiwa nini?
- Kama ana VVU, kifua kikuu au kifafa, ataendelea na dawa zake?
- Familia inaruhusiwa kumtembelea lini? Anaweza kuzungumza nasi bila mtu kusikiliza?
- Akitoka, nani anamfuatilia, na kwa muda gani?

Kwa kliniki ya methadone ongeza: inafunguliwa saa ngapi, hata siku za sikukuu? Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi? Dawa ni bure, lakini nauli ya kila siku ndiyo inayowashinda wengi. Kama nauli ni 1,200 kwa siku, kwa siku 30 ni 36,000. Panga fedha hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu kukatisha dozi humrudisha kwenye arosto.

Kama ni binti, au ni mjamzito

Nyumba nyingi zimeundwa kwa wanaume. Uliza kama kuna sehemu ya kulala ya wanawake peke yao, wahudumu wanawake, na nafasi ya mama mwenye mtoto mchanga. Msichana mwenye umri mdogo asichanganywe na watu wazima.

Mjamzito anayetumia heroini asiachishwe ghafla, maana arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Methadone ndiyo njia inayopendekezwa, na anaweza kunyonyesha akiwa kwenye dozi thabiti, kwa ushauri wa daktari. Mtoto akizaliwa huenda akahitaji kuangaliwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo ajifungulie hospitali na awaeleze wakunga mapema.

Ukiona haya, ondoka naye

- Watu wamefungwa minyororo, wanapigwa au wananyimwa chakula kama adhabu.
- Kituo kinaahidi kumponya kabisa kwa siku saba au kwa dawa ya siri.
- Hawataki uone wanapolala, au wanadai ada ya miezi mingi kwa mkupuo bila risiti.
- Wanamwachisha dawa za VVU, kifafa au ugonjwa wa akili kwa madai kwamba "zote ni dawa".

Toa taarifa kwa ustawi wa jamii au kupitia 119. Wapo watoto wa wenzako waliobaki ndani.

Fedha za huduma zinatoka wapi?

Swali hili zamani halikumhusu mzazi. Sasa linamhusu. Huduma za methadone katika nchi zetu zimesaidiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, ukiwemo mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda misaada yake ya nje, na asasi nyingi za afya Afrika Mashariki zilitikisika. Asasi za kijamii, ambazo ndizo mguu wa huduma hii mtaani, zinategemea sana fedha za namna hiyo.

Kwa hiyo uliza bila aibu: dawa na wahudumu wanalipwa na nani, na ikitokea upungufu mna mpango gani? Kama kliniki ni ya serikali na iko ndani ya hospitali, jua pa kwenda asasi iliyomleta mwanao ikifunga ofisi. Andika jina la kliniki na namba yake ya mteja, na ukaitunze karatasi hiyo nyumbani.

Akirudi nyumbani

Uraibu ni ugonjwa unaoweza kujirudia, kama shinikizo la damu linavyorudi mtu akiacha dawa. Akirudia, mrudishe kwenye huduma siku hiyohiyo. Kumfukuza kunamrudisha maskani, na maskani hakuna mtu wa kumwamsha akizidiwa.

Jifunzeni dalili za kuzidisha dozi: haamki hata ukimtikisa, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi, mboni za macho ni ndogo sana. Mlaze ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, mkimbize hospitali na useme wazi ametumia nini. Ipo dawa inayoitwa naloxone ambayo huzuia nguvu ya heroini haraka. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, yanaweza kumpalia.

Akipewa dozi ya methadone ya nyumbani, ifungie kwa ufunguo. Dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto.

Nawe mama usijisahau. Asasi nyingi zina vikundi vya wazazi. Uliza kama kuna kimoja karibu yako, kwa sababu safari hii si ya wiki mbili.

Leo, fanya mambo mawili tu. Andika kwenye karatasi kila kitu unachojua anatumia, na tangu lini. Kisha piga 119 ukiwa na karatasi hiyo mkononi.