Hakuna Zoezi la Kukata Kitambi

Ukiingia jimu za Morogoro jioni, watu wanapotoka kazini, utawakuta wamelala chali kwenye mikeka wakipiga tumbo. Wengi ni kina mama. Chini ya fulana wamejizungushia nailoni, na juu ya nailoni wamefunga mkanda mpana uliobanwa hadi pumzi inatoka kwa shida. Mwalimu anahesabu. Wakifika 20 anawaambia bado, kitambi hakiondoki kwa kuonewa huruma. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini hasogei kwenye vyuma au kwenye mashine ya kukimbilia, atakujibu kwamba yeye mwili wake hauna tatizo, tatizo ni hapa tu, huku akijishika nyama uzembe za kiunoni.

Nasema bila kuzunguka: mama huyo anadanganywa. Hakuna zoezi la kukata kitambi. Lipo zoezi la kukaza misuli ya tumbo, na ni zoezi zuri, kwa sababu misuli hiyo inabeba mgongo. Lakini misuli ni kitu kimoja na mafuta yaliyoifunika ni kitu kingine. Unaweza kuwa na misuli ya tumbo migumu kama ya bondia na isionekane miaka yote kwa sababu ya kilichokaa juu yake.

Mafuta ya mwilini hukaa ndani ya chembe zake maalumu. Mwili ukihitaji nguvu, homoni kama adrenalini hupita kwenye damu na kuziamuru chembe hizo, za mashavuni hadi za mapajani, ziachie akiba. Mafuta yakiachiwa huingia kwenye damu, na damu huyapeleka kwa msuli wowote ulio kazini wakati huo. Msuli wa tumbo haunyonyi mafuta yaliyolala juu yake kwa sababu tu ni majirani. Unakula kutoka kwenye damu, kama misuli mingine yote. Huwezi kuchota maji upande mmoja wa pipa ukategemea upande huo peke yake upungue. Wapi patapungua kwanza na wapi patakuwa mwisho huamuliwa na jinsia, umri, urithi na homoni. Wanaume wengi huweka akiba tumboni mapema. Wanawake wengi huiweka kwenye makalio na mapaja wakiwa vijana, kisha hedhi ikikoma inaanza kuhamia kiunoni. Mwalimu wa jimu hana mamlaka juu ya mpangilio huo, hata akihesabu kwa ukali namna gani.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 1971 watafiti wa California waliwapima wacheza tenisi hodari, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi kuliko mwingine kwa miaka mingi. Mkono wa kuchezea ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini mafuta chini ya ngozi yalikuwa na unene ule ule mikono yote miwili. Mwaka 1984 wanaume 13 walipigishwa tumbo kwa siku 27, kila mmoja jumla ya mara 5,004. Kabla na baada, walichukuliwa vipande vidogo vya mafuta kutoka tumboni, mgongoni na makalioni. Chembe za mafuta zilikuwa zimepungua ukubwa kwa kiasi kinacholingana sehemu zote tatu, kana kwamba makalio nayo yalikuwa yakipiga tumbo. Mwaka 2011 watafiti wengine wakawapa watu wiki sita za mazoezi ya tumbo ya aina saba. Misuli yao ilipata ustahimilivu. Mafuta ya tumbo hayakubadilika.

Wanaoshikilia imani ya zamani sasa wana utafiti wa kuinua: mwaka 2023, huko Norway, wanaume wachache wenye uzito mkubwa waliokifanyisha kazi kiwiliwili kwa wiki kumi walipoteza mafuta ya eneo hilo zaidi kidogo ya wenzao waliokimbia tu. Basi na wausome wote. Ilikuwa kazi ya kuhema, vipindi vya dakika nne nne kwenye mashine, na bado walikimbia pia. Kulala chali na kunyanyua kichwa mara 20 hakumo.

Nailoni na mkanda sitavitolea maneno mengi. Vinatoa jasho, na jasho ni maji na chumvi. Mzani utashuka jioni hiyo, utapanda asubuhi ukishakunywa maji. Katika joto la Morogoro la mwezi wa Januari kumfunga mtu nailoni na kumkimbiza ni kumtafutia kizunguzungu, na mwalimu anayeviuza mwenyewe pale mlangoni anapaswa kuona aibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea chini ya milima ya Uluguru. Wenyewe tunauita Morogoro mji kasoro bahari, na tunasahau kilichopo. Mji uko kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka karibu kila uwanja wa nyumba, kinapita mita 2,100. Ukisimama Bigwa au juu ya Boma alfajiri utawakuta Waluguru wakishuka na mzigo. Mama mmoja, umri wake huwezi kuukisia vizuri, ana mkungu wa ndizi kichwani na kanga imekazwa kiunoni. Njia ni ya udongo mwekundu ulionyeshewa usiku, na yeye anaweka kisigino, anasubiri kishike, ndipo analeta mguu wa pili. Tumbo lake limekaza muda wote huo kwa sababu bila tumbo kukaza, mzigo ungemwangusha. Akishauza sokoni atapanda tena kwa miguu yake. Huyu hajawahi kulala chali akahesabiwa, na kiuno chake ndicho yule mama wa jimu anachokilipia kila mwezi.

Najua kuna msomaji ameshasema: basi tupande mlima tu, yaishe. Hapana, na hapa lazima tuwe wakweli. Mama wa Uluguru si tangazo la afya. Shingo na magoti yake yanalipa gharama ya mizigo ile, na wembamba wake una sehemu inayotokana na kutokuwa na ziada mezani. Tena kazi ya mwili peke yake haina nguvu tunayoipa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, watu wa hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanatembea kilomita nyingi kila siku. Ungetarajia wateketeze nguvu kuliko mtu wa ofisini. Walipopimwa, na ukubwa wa mwili ukazingatiwa, nguvu walizotumia kwa siku zilikuwa sawa na za watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi yake kwingine. Tofauti kubwa ya kiuno, basi, iko kwenye sahani.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa kilo 70 akipanda mita 500 za mlima, misuli yake inatumia takriban kilokalori 330 kwa ile kazi ya kuuinua mwili. Ni kazi nzito. Waulize wanaopandisha Uluguru kwenda Morning Side. Soda nyingi za chupa ya mililita 350 zina sukari ya zaidi ya gramu 30, yaani vijiko saba au zaidi vya chai, kama kilokalori 140. Ukishuka ukanywa mbili na kusindikiza na andazi, mlima wote umerudi kinywani kabla hujavua viatu. Na hizo ni soda tu. Sijagusa chipsi mayai ya saa nne usiku, wala bia na nyama choma za mwisho wa wiki, ambazo kwa wanaume wa mji huu ndizo fundi mkuu wa kitambi. Tafiti za kitaifa za demografia na afya zilikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi wakiwa asilimia 18 mwaka 2004/05. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Misuli ya matumbo ya Watanzania haikulegea ghafla katika miaka hiyo kumi. Kilichobadilika ni mafuta ya kukaangia, sukari, bodaboda ya kwenda dukani na kazi za kukaa.

Sasa, kwa nini basi uende jimu? Nenda, tena nakusihi uende, ila chagua kwa akili. Mafuta mabaya zaidi si yale unayoyashika kwa vidole. Ni yale yaliyojificha ndani, yaliyozunguka ini na utumbo, yanayohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo, na hayo hupungua mtu akifanya mazoezi ya kuhema hata kama mzani umegoma kushuka. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kwa hiyo acha kutafuta zoezi la tumbo, tafuta zoezi la miguu na mgongo, maana huko ndiko iliko misuli mikubwa inayokula nguvu nyingi. Chuchumaa na chuma mabegani. Vuta uzito. Tembea kwa kasi kwenye barabara za Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) hadi maneno yakutoke kwa vipande. Jumamosi panda Kola au Bigwa na wenzako. Serikali yenyewe, kupitia kwa Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, ilitenga mwezi Desemba 2016 Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na mlima hauna kiingilio. Kupiga tumbo weka mwishoni, dakika tano, kwa ajili ya mgongo wako.

Walimu wa mazoezi nao wana deni kwetu. Mteja akija na ombi la kukatwa kitambi, wamwambie ukweli siku ya kwanza, hata kama jimu ya jirani itamwahidi kukiondoa kwa wiki mbili. Wanunue futi ya fundi cherehani, ya bei ya kawaida kabisa, wampime kiuno juu kidogo ya mfupa wa nyonga, waandike, warudie kila mwezi. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, kwa mwanaume 94. Wamuulize anakula nini usiku. Wamuulize amejifungua lini, kwa sababu misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito inahitaji mtaalamu wa fiziotherapia, na kuipigisha tumbo kwa pupa kunaweza kuizidishia shida. Na wakimwona mtu ambaye mikono na mashavu vinakonda huku tumbo linakua, au mwanamke ambaye tumbo limekuwa gumu na hedhi zake zimekuwa nzito, wasimwongezee hesabu ya kupiga tumbo. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, huenda ni maji yanayojaa kwa sababu ya ini. Wamrudishie ada yake na wamwambie aende hospitali siku hiyo hiyo.