Mashamba Yanayolimwa kwa Ajili ya Ndege

Kila mtu aliyekulia kijijini ajua kazi ya kuamia ndege. Mtama ukianza kutia punje, watoto hukaa shambani tangu alfajiri, wakipiga makopo na kurusha mawe kwa kombeo, mradi ndege wasipate kitu. Basi wengi watastaajabu kusikia ya kwamba katika nchi ya Marekani wako watu wanaolima, wanaopanda na kupalilia, kisha wawaachia ndege mavuno yote. Hawajarukwa na akili. Ni wawindaji, na shamba hilo ndilo karamu waliyowaandalia wageni wao. Ukarimu wa namna yake, maana mwenyeji amejificha kichakani akiwa na bunduki ya marisau.

Kazi yenyewe yataka maarifa, kwa kuwa kila ndege ana desturi yake. Chukueni hua wa nchi ile. Chakula chake karibu chote ni mbegu, lakini miguu yake ni dhaifu, wala hawezi kuparua ardhi kama kuku. Mbegu iliyofunikwa na majani kwake ni kama haipo. Kwa hiyo mwenye shamba hupanda alizeti baridi ikiisha, mwezi wa nne au wa tano, na kuondoa magugu mpaka ardhi kati ya mistari iwe tupu. Alizeti hukomaa kwa muda wa siku 100 hivi, nayo serikali hairuhusu kuwinda hua kabla ya tarehe 1 Septemba. Mpandaji aliyechelewa atakuwa na maua mazuri, lakini hana ndege.

Bata wa mwitu wataka kazi kubwa zaidi. Wengi wao huzaliwa Kanada na katika mbuga za kaskazini, nao huruka kwenda kusini baridi ikikaribia. Mwenye bonde huyatoa maji yake majira ya joto, na juu ya tope hutupa mbegu za uwele wa Kijapani, kilo 25 hivi kwa hektari moja. Uwele huo wapenda tope, nao huzaa upesi, yapata miezi miwili. Kisha, bata wakiwa njiani, huyarudisha maji polepole. Hapo ndipo wengi hukosea. Bata wa aina nyingi hazamii. Huinamisha kichwa majini na kuinua mkia juu. Maji yakizidi sana kina cha sentimita 30, chakula kipo lakini hakifikiki. Tena si kila mbegu yavumilia maji: soya huoza mapema, uwele hukaa zaidi.

Wataalamu wengine wasema hata kupanda si lazima. Leigh Fredrickson, aliyefanya utafiti katika hifadhi ya Mingo, jimbo la Missouri, alitoa mwaka 1982 pamoja na mwenzake kitabu cha kuwaongoza wenye mabonde. Humo alieleza jinsi ya kuyatoa maji kwa wakati wake, ili mbegu za majani ya porini zilizolala katika tope zijiotee zenyewe. Majani hayo huleta pia wadudu na konokono, ambao bata wawahitaji ili kujenga mwili, kwa kuwa mahindi huwapa nguvu ya joto tu. Kwangu mimi njia hiyo yaonekana kuwa ya akili zaidi, tena haina gharama ya mbegu kila mwaka.

Lakini kuvuta ndege ni jambo moja, kuwaongeza ni jambo lingine. Shamba la mbegu hukusanya ndege waliokwisha kuzaliwa mahali pengine. Herbert Stoddard aliliona hilo alipochunguza maisha ya kware katika Georgia ya kusini na Florida ya kaskazini tangu mwaka 1924. Kitabu chake kilitoka mwaka 1931. Kware ahitaji majani makavu ya kujengea kiota, vichaka vya kumkimbilia mwewe, na ardhi ya wazi ambapo vifaranga waweza kupita. Nao katika majuma ya kwanza hula hasa wadudu. Hata moto Stoddard aliutetea, ule unaowashwa kwa wakati wake na kwa kiasi, ingawa mabwana misitu wengi wa siku zile waliuchukia. Mtu akipanda nafaka peke yake, huku amefyeka vichaka vyote, awalisha ndege wa jirani.

Tena kuna hatari ya kuwakusanya mno. Katika ukame wa miaka ya 1930 mabwawa mengi yalikauka, na bata wakapungua sana. Wawindaji walikuwa wakimwaga mahindi majini, hata kufunga bata wafugwao kwa kamba ili wawaite wenzao wa mwituni, kisha wawaua kwa wingi. Mwaka 1934 kila mwindaji wa bata aliamriwa kununua stempu ya dola 1, ili fedha zitumike kwa hifadhi za ndege. Aliyechora stempu ya kwanza ni Jay N. Darling, mchoraji wa vikatuni, ambaye wakati huo aliongoza idara ya wanyama. Mwaka 1935 chambo na bata wa kufungwa vikapigwa marufuku.

Marufuku hiyo ingaliko, na mipaka yake ni myembamba. Uwele ukiachwa umesimama, hata ukifurishwa maji, yaruhusiwa kuwinda bata hapo. Ukifyekwa bila kuvunwa, punje zikaanguka, hapo pamekuwa mahali pa chambo; hakuna ruhusa ya kuwinda mpaka siku 10 zipite tangu punje ya mwisho kuondolewa. Lakini alizeti iliyofyekwa vivyo hivyo kwa ajili ya hua haina kosa, jambo linalowasumbua hata wenyeji. Tangu mwaka 1998 hahukumiwi kwa kuwinda penye chambo ila yule aliyejua, au aliyepaswa kujua. Na uwele ule ule ukijiotea wenyewe mwaka unaofuata, sheria yauhesabu kuwa mmea wa porini, naye mwenye bonde aweza kuufyeka apendavyo.