Utafiti wa Homa ya Ini Usitupite

Homa ya ini aina ya B ni adui anayeishi nasi kimyakimya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu sugu, na milioni 1.1 walifariki kwa ajili yake. Asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea katika kanda ya Afrika.

Dawa zilizopo huzuia virusi kuzaana, lakini ni nadra kuving'oa, kwani hujichimbia ndani ya kiini cha seli za ini. Mtu mzima akiambukizwa, aghalabu seli za kinga, hasa zile ziitwazo seli T, huvishinda. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana bahati hiyo: takriban tisa katika kila kumi hubaki na ugonjwa sugu. Seli T za mgonjwa wa aina hii huwa chache na dhaifu, mfano wa askari waliochoshwa na vita visivyokwisha.

Wanasayansi sasa wanajaribu kuwapa askari hao nguvu mpya. Huchukua seli T, wakazitia kipokezi kinachotambua virusi, kisha wakazirudisha mwilini. Mwaka 2015 watafiti wa London na Singapore walieleza habari za mgonjwa mmoja wa saratani iliyoletwa na virusi hivi, aliyetibiwa kwa njia hiyo. Protini ya virusi ilipungua sana katika damu yake, ingawa haikuthibitika kwamba saratani ilidhibitiwa. Njia hii ina hatari pia: seli nyingi za ini zikiuawa kwa mara moja, ini lenyewe huweza kuangamia.

Ninalotaka kusisitiza ni hili. Kipokezi cha aina hiyo hufanya kazi tu kwa mtu mwenye alama fulani za kinga alizorithi kwa wazazi wake, na hakuna bara lenye alama anuwai kushinda Afrika. Basi tiba ikipimwa kwa watu wa Ulaya na Asia pekee, huenda ikatufikia kama koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kuna watakaosema kwamba nchi maskini ishughulikie chanjo kwanza. Nakubali kuwa chanjo ndiyo ngao yetu kuu, na kila mtoto anastahili kuipata. Hata hivyo, chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Kwa hivyo, naisihi serikali na vyuo vikuu vyetu vichunguze alama hizo miongoni mwa wagonjwa wetu na kudai nafasi katika majaribio haya mapema. Nanyi walimu wa bayolojia, somo la kinga ya mwili lisiwe la kukaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Waonyesheni wanafunzi kwamba kuna kazi inayowangoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.