Mwacheni Link Aongee

Wadau wa gemu hapa chuoni wana hukumu moja wanayoitoa haraka kuliko matokeo ya kura za CR: manga iliyotokana na gemu ni makapi. Ukitaka hadithi, wanasema, shika pedi ucheze. Ukisoma kitabu umekula maganda, ndizi kala mwingine. Mfano wanaoutoa mara nyingi ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Basi na mimi nitautumia huohuo, maana naona unathibitisha kinyume kabisa.

Tuanze na wasioijua. Gemu hiyo ilitolewa na Nintendo mwaka 1998 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Link ni mtoto aliyelelewa msituni na Wakokiri, watu ambao hubaki watoto siku zote. Kila Mkokiri ana kichimbakazi wake wa kumwongoza. Link hana, mpaka siku Navi anapotumwa kwake. Baadaye anachomoa upanga hekaluni, analala miaka saba, anaamka mtu mzima na kukuta nchi ya Hyrule imeshatekwa na Ganondorf.

Muda wote huo Link hasemi. Anapiga ukelele akirusha upanga, basi. Kabla hujaanza unaombwa uandike jina, na ukitaka unaandika lako. Shigeru Miyamoto, mmoja wa waasisi wa Zelda, ameshaeleza kuwa jina Link lina maana ya kiungo: ndiye anayemuunganisha mchezaji na ulimwengu wa gemu. Kiungo hahitaji mdomo. Mdomo ni wako wewe uliyeshika pedi.

Sasa njoo kwenye manga. Mchoraji wake anaitwa Akira Himekawa, na huyo si mtu mmoja. Ni jina la kalamu la wanawake wawili wanaochora pamoja. Hadithi ilichapishwa Japani na Shogakukan, katika magazeti yake ya wanafunzi wa shule ya msingi. Kampuni hiyo yenyewe ilianza mwaka 1922 kwa magazeti ya darasa la 5 na la 6. Wasomaji wa Himekawa walikuwa watoto hao, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mtoto anayesoma hawezi kumsogeza Link hata hatua moja. Ukimwacha bubu kitabuni, hakuna mtu anayebaki ndani yake. Anakuwa sanamu lililovaa kofia ya kijani. Kwa hiyo wakampa maneno. Link wa manga anatania, anaogopa, anakasirika.

Hawakuishia kwenye maneno. Ndani ya gemu, kwenye Hekalu la Moto, kuna joka linaitwa Volvagia. Unalipiga nyundo ya kichwa kila linapochomoza shimoni, linakufa, unaendelea na safari. Himekawa wakajiuliza swali ambalo gemu haikuliuliza: huyu joka alikuwa nani kabla? Katika manga, Link akiwa bado mtoto anamkuta Volvagia mchanga sokoni, anamkomboa, wanakuwa marafiki. Miaka saba baadaye, rafiki yule amegeuzwa janga chini ya Ganondorf, na mwenye upanga ni Link.

Pambano ni lilelile na mshindi ni yuleyule, lakini gharama ni nyingine. Kwenye gemu unapoteza mioyo michache ya uhai, ukikata vichaka unaipata tena. Kwenye manga Link anapoteza kitu ambacho hakirudi. Kitabu hakiwezi kukutoa jasho la vidole, kwa hiyo kikatafuta njia nyingine ya kukugusa. Mwenzangu, huyo si mtu aliyenakili gemu. Huyo ameielewa.

Nakubali wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba ukimya wa Link una kazi. Binti mpole na kijana mkorofi wote wanaweza kuingia ndani yake, wakati Link wa manga ana tabia moja, uipende usiipende. Ya pili ni muziki. Ile okarina unaipiga mwenyewe kwa vitufe, wimbo unakaa vidoleni; karatasi haiwezi hilo. Tena manga ni juzuu mbili tu, na mahekalu yanayokula jioni nzima kwenye gemu huweza kupita kwa kurasa chache. Yote ni kweli. Lakini hoja hizo zinaonyesha kuwa kitabu na gemu ni vitu viwili tofauti. Hazionyeshi kuwa kimoja ni ganda la kingine.

Kinachoniuma zaidi katika hukumu hii ni suala la nani ana haki ya hadithi. Tuambizane ukweli: wangapi kati yetu tulikulia kwenye nyumba yenye Nintendo? Wengi tulicheza vibandani, kwa zamu, gemu za mpira, na mwenye kibanda kasimama nyuma yako anahesabu dakika. Zelda ni ya makumi ya saa. Huwezi kuimaliza kwa sarafu za kibandani. Mimi niliingia Hyrule kwa juzuu za Kiingereza zilizotolewa na Viz Media mwaka 2008, zikiwa zimepita mikono mingi mpaka gundi ya jalada imeachia. Ukimwambia mtu wa namna yangu kwamba amekula maganda, unamwambia kwamba hadithi ni ya aliyeweza kununua mashine.

Halafu sisi tunaosomea ualimu tuna sababu yetu ya ziada. Tumezoea kudhani kuwa uaminifu kwa matini ni kuirudia. Ndiyo maana tunadesa. Kwenye pindi za mbinu za kufundishia tunaandika kwamba mwanafunzi ameelewa akiweza kueleza jambo kwa njia yake. Ikifika wiki ya mitihani tunakariri madesa neno kwa neno ili tusile supu. Himekawa walifanya kile ambacho sisi tunakiandika tu kwenye daftari.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenzangu tutakaokwenda mazoezi ya kufundisha. Ukipewa kipindi cha Fasihi, chukua sura moja ya riwaya wanayoisoma. Waambie wanafunzi waichore kwa vyumba sita, na wampe maneno mhusika mmoja ambaye mwandishi amemnyamazisha: mpishi, mtoto, mke wa pili. Haihitaji projekta wala umeme, karatasi na penseli zinatosha. Kwa kipindi kimoja utajua nani amesoma na nani amekariri muhtasari. Na mwalimu mwenyeji akikuambia katuni ni za watoto, mwambie kwa heshima kwamba hata hii ilichapwa kwa ajili ya watoto wa shule, na kwamba nchi iliyocheka miaka yote hiyo na jarida la Sani haina sababu ya kuionea aibu hadithi ya picha.

Mwenye gemu acheze, mwenye kitabu asome, tukikutana kantini tubishane kuhusu Volvagia tukiwa sawa. Na kama kuna mdau ana Twilight Princess ya Himekawa haohao, juzuu 11 walizozianza mwaka 2016 na kuzimaliza 2022, naomba tuonane. Huko Link anafika kijijini akiwa tayari na jambo zito la zamani moyoni, na gemu haikuwahi kutuambia chochote kuhusu hilo.